Aendaye Buha Ajifunze Kwanza Kusalimu

Kila mara orodha za ajira mpya za walimu na wauguzi zinapotolewa, au barua za uhamisho zinapofika maofisini, wapo watumishi wanaojikuta wamepangiwa Kasulu au Kibondo. Jambo la kwanza wanalofanya ni kumtafuta mtu aliyewahi kufanya kazi huko, na maswali wanayomwuliza ni yale yale kila mwaka. Je, barabara inapitika wakati wa mvua? Malaria ni nyingi? Chumba cha kupanga hupatikana? Basi huchukua siku ngapi? Hayo ni maswali ya msafiri mwenye busara, na kila moja lina jibu lake. Lakini ni nadra kumsikia mtu akiuliza watu wa huko husalimianaje, au ni neno gani ambalo mgeni akilitamka huwaudhi. Swali hilo huachwa mpaka mtu amekwisha kufika na kuanza kazi, na wakati huo mara nyingi huwa amekwisha kukosea.

Msemo wa "Kigoma, mwisho wa reli" umechangia sana kosa hili. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na tangu siku hiyo watu wa mashariki ya nchi wameuchukulia mji ule kuwa ndio ukingo wa Tanzania. Anayepangiwa huko hupewa pole kama mtu aliyefiwa. Ukweli ni kwamba Kasulu na Kibondo hazipo kwenye reli kabisa. Zipo juu, katika nyanda za Buha, mbali na joto la ziwa, na njia za kuzifikia ni zaidi ya moja. Wageni wengi wanaokwenda Mkoa wa Kigoma hutazama Ujiji, mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871, kisha hupanda mashua kwenda kuwaona sokwe wa Gombe, ambayo ni Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 1968. Wakimaliza hurudi walikotoka bila kupanda Buha hata kwa siku moja.

Hivyo mgeni mkubwa wa Kasulu na Kibondo si mtalii. Ni mtumishi wa umma. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyofikiriwa. Mtalii asiyejua adabu huudhi watu kwa siku mbili, kisha huondoka na picha zake. Mtumishi asiyejua adabu hubaki, tena akiwa na kalamu, muhuri na daftari la mahudhurio. Makosa ya mtalii huchekwa, lakini makosa ya mtumishi huandikwa katika faili la mtu mwingine.

Yafaa basi kuanza na njia. Anayetoka Dar es Salaam kwa basi anaweza kupita Dodoma, Singida, Nzega na Kahama, kisha Nyakanazi, na kutoka hapo akaingia Buha kwa mlango wa kaskazini: kwanza Kakonko, halafu Kibondo, halafu Makere, na mwisho Kasulu. Anayependa njia ya Tabora hupita Urambo na Kaliua hadi Uvinza, mji wa chumvi tangu zamani, ndipo apande Kasulu. Msafiri wa reli hufika Kigoma mjini, hulala huko, na kesho yake hupanda gari la kwenda juu. Reli ina raha yake kwa mwenye mizigo mingi na asiye na haraka, ila asiye na subira asiipande. Kwa njia yoyote ile, yafaa kupanga safari kwa siku mbili, na kutomwahidi mwalimu mkuu kwamba mtu ataripoti asubuhi ya siku ya pili.

Barabara ya kupita katikati ya Buha ina historia ambayo wenyeji hawajaisahau. Kwa miaka mingi ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na ya matope wakati wa mvua. Katika miaka ya 1990 na iliyofuata, majambazi waliteka magari katika sehemu zenye mapori, hata ikabidi polisi wenye silaha wayasindikize. Katika miaka ya karibuni mambo yamebadilika sana. Barabara ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu, yenye urefu wa karibu kilomita 260, imejengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na safari iliyokuwa ya kutwa nzima sasa ni ya saa chache. Lakini lami ni ya barabara kuu. Shule na zahanati nyingi ziko mbali na barabara hiyo, na huko bado udongo mwekundu ndio mwenye amri. Mvua huanza kama Oktoba na huendelea hadi karibu Mei, ikipumzika kidogo katikati. Katika miezi hiyo mtu asiiamini ramani, wala asimwamini aliyepita wiki iliyotangulia. Amwulize dereva wa bodaboda aliyepita jana.

Wanaotoka pwani hudanganywa na jina la Kigoma. Wakisikia ziwa, hudhani joto, nao hufungasha mashati mepesi peke yake. Ziwa Tanganyika liko kiasi cha mita 770 juu ya usawa wa bahari, lakini Kasulu na Kibondo ziko mamia ya mita juu zaidi, na asubuhi za Juni na Julai zina baridi inayomfanya mgeni asimame juani nje ya ofisi kabla ya kufungua mlango. Sweta, koti la mvua na viatu vya kufunga si anasa. Pamoja na baridi hiyo, malaria ipo, wala mtu asijidanganye kwamba mwinuko umeifukuza. Chandarua kiingie katika mzigo wa kwanza, na maji ya kunywa yachemshwe.

Chakula si tatizo ila kwa mwenye makuu. Buha ni nchi ya maharage, na maharage yake yanajulikana hadi masoko ya Dar es Salaam. Ugali huwa wa mahindi au wa muhogo, ndizi zipo, na kutoka ziwani hupanda dagaa na migebuka. Mawese hutiwa katika mboga nyingi, na mgeni asiyeyazoea huona rangi yake kuwa ya ajabu. Wapo watumishi waliokaa miaka mitatu wakiagiza mafuta ya kupikia kutoka mjini ili wasile mawese, na kila mwanakijiji akajua. Kukataa chakula hakumfanyi mtu kuwa mwovu, lakini anayekataa kila kitu kwa miaka mitatu huwa amesema neno bila kufungua mdomo. Asali ya Kibondo haihitaji kusifiwa. Aliyeionja hurudi nayo. Kuhusu pombe ya ndizi, asiyekunywa hana sababu ya kuogopa. Akae alipopewa kiti, aseme kwa upole kwamba hatumii, aombe maji, na aendelee na mazungumzo. Linaloudhi ni mgeni anayekataa kiti, au anayetumia nafasi hiyo kutoa mahubiri.

Nyumba hupatikana mijini kwa bei ya kawaida. Vijijini ni jambo jingine. Mtumishi hutegemea nyumba ya shule au chumba kwa mwenyeji, na mwenyeji huyo ndiye atakayekuwa mdhamini wake mbele ya kijiji. Atakachokiona barabarani pia kina maelezo yake. Vijiji vingi vimepangwa kwa mistari kando ya njia kwa sababu ya Operesheni Kigoma, iliyoanza mwaka 1972, ambayo iliwahamisha watu kutoka vilimani walikoishi kwa kutawanyika, kila ukoo na mashamba yake na migomba yake. Mzee anayesema kwamba kwao ni kule ng'ambo ya bonde, ingawa nyumba yake iko hapa, hasemi uongo. Karani anayetaka kujaza fomu kwa haraka hudhani kwamba mzee huyo hajui anakoishi.

Hapa ndipo salamu inapoingia. Waha ni watu wa salamu ndefu. Asubuhi husema "mwakeye", na baadaye mchana na jioni husema "mwidiwe", na baada ya neno hilo hufuata maswali juu ya nyumba, watoto, wagonjwa na mvua. Mtu anayepita njiani akasalimu kwa kuinua mkono kisha akaendelea na mwendo huonekana ana ugomvi na mtu. Kitu hutolewa na kupokewa kwa mikono miwili. Mwenye shida haanzi na shida yake. Mama aliyetembea tangu alfajiri ili kumfuata mtendaji wa kata atakaa kwanza, atasalimu, atauliza habari za huko mgeni alikotoka, na sababu ya safari yake itatokea kama jambo dogo lililokumbukwa njiani. Mtumishi aliyezoea ofisi za mjini humkata kauli: "Mama, sema shida yako." Mama husema nusu ya shida yake, au huondoka nayo yote.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya zamani na kwamba kazi za serikali haziwezi kungoja salamu. Hoja hiyo haina uzito mkubwa. Salamu ndefu kabisa haizidi dakika tatu, na hakuna ofisi ya kata ambayo dakika tatu zimewahi kuivuruga. Zaidi ya hayo, katika dakika hizo mtumishi hujua kama mtoto wa mama huyo ni mgonjwa, kama mume wake yupo, na kama daraja la bondeni limebomoka. Habari hizo asingezipata kwa dodoso lolote.

Kwa mwalimu jambo hili lina uzito wa pekee. Sera ya elimu inataka mtoto wa shule ya msingi afundishwe kwa Kiswahili, na hilo halina ubishi. Lakini mtoto wa darasa la kwanza katika kijiji cha ndani cha Kasulu au Kibondo huja shuleni na lugha moja, nayo ni Kiha. Anaposema jambo kwa Kiha hatukani wala haleti ukaidi. Anasema kwa lugha aliyo nayo. Mwalimu anayejua maneno hamsini ya Kiha, kama vile njoo, kaa, unaumwa wapi, nani amekupiga, humvusha mtoto huyo hadi kwenye Kiswahili kwa miezi michache. Mwalimu anayemfunga mtoto kibao shingoni kwa kosa la kusema Kiha humfundisha kunyamaza, na mtoto aliyejifunza kunyamaza darasa la kwanza huendelea kunyamaza hadi darasa la saba. Baadaye huandikwa kwamba watoto wa wilaya hizi ni wazito.

Inafaa pia kukumbuka kwamba Waha wenyewe wamepata kuwa wageni katika nchi za wenzao. Wakati wa ukoloni Buha ilifanywa kuwa ghala la vibarua. Maelfu ya vijana walitoka huko kwenda kukata mkonge katika mashamba ya Tanga na Morogoro, wakiitwa manamba, na waliporudi walirudi na Kiswahili. Mzee anayejibu kwa Kiha mbele ya ofisa kijana si lazima awe hajui Kiswahili. Huenda baba yake alikizungumza Korogwe kabla baba wa ofisa huyo hajazaliwa. Ameamua tu kungoja aone mgeni huyu ni mtu wa namna gani.

Yote yaliyotangulia ni mepesi ukilinganisha na jambo moja ambalo kila anayekwenda Kasulu na Kibondo hana budi kulifahamu kabla ya kushuka kwenye basi. Kiha na Kirundi ni lugha ndugu, tena wa karibu sana. Mha na Mrundi huelewana bila mkalimani. Majina nayo hufanana: yapo mengi yanayoanza kwa Nta, Ndi au Bi, na mgeni hawezi kuyatenga kwa sikio. Arcado Ntagazwa, aliyekuwa mbunge wa Muhambwe na waziri katika serikali ya Tanzania, angesimamishwa njiani na mtu asiyemfahamu kama jina peke yake lingekuwa ushahidi. Mwenye sikio zuri husikia tofauti. Mrundi akisalimu asubuhi husema "mwaramutse", si "mwakeye". Na jioni husema "mwiriwe" pale Mha anaposema "mwidiwe". Lakini hata tofauti hiyo haifai kuwa kipimo cha uraia, kwa sababu watu wa mpakani huoana, hununua na kuuza pamoja katika masoko kama ya Mabamba na Manyovu, na huchukuliana maneno.

Mpaka wenyewe si mkongwe kama watu. Kabla ya ukoloni zilikuwapo himaya za Heru, Muhambwe, Buyungu na nyinginezo, kila moja na Mwami wake. Majina hayo hayajafa. Muhambwe na Buyungu ni majimbo ya uchaguzi hata leo. Baada ya Wajerumani kushindwa katika eneo hili mwaka 1916, Wabelgiji waliitawala Kigoma pamoja na sehemu ya Buha hadi mwaka 1921 walipoikabidhi kwa Waingereza. Kama mazungumzo ya Ulaya yangekwenda kwa namna nyingine kidogo, babu wa mtu wa Kasulu angekuwa raia wa nchi nyingine bila kuhama nyumba yake.

Kisha wakaja wakimbizi. Mwaka 1972 mauaji ya Burundi yaliwavusha watu wengi mpaka. Mwaka 1993, baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa, wengine wengi zaidi walivuka. Mwaka 1996 vita vya Kongo vilileta watu kutoka Kivu ya Kusini, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa wilayani Kasulu. Kambi ya Mtabila ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2012, na haikupita miaka mitatu kabla ya machafuko ya mwaka 2015 nchini Burundi kujaza tena Nyarugusu na kufanya Nduta, wilayani Kibondo, ifunguliwe upya, na baada yake Mtendeli, wilayani Kakonko, ambayo ilikuja kufungwa mwaka 2021. Wananchi wa wilaya hizi walitoa ardhi, kuni na maji, na katika miaka fulani wageni walikaribia kuwazidi wenyeji kwa idadi katika tarafa nzima. Hakuna mkoa mwingine wa Tanzania uliopokea mzigo huo mara nyingi kiasi hicho.

Malipo ya ukarimu huo yamekuwa ni kushukiwa. Mha anaposafiri husimamishwa kwenye kizuizi na kuulizwa maswali ambayo abiria wa kiti cha pili haulizwi. Akiwa Mwanza au Dar es Salaam, akizungumza na ndugu yake kwa simu, watu hugeuka. Mwaka 2013, katika Operesheni Kimbunga iliyofanywa mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita kuwaondoa wahamiaji wasio na vibali, walikuwapo waliolalamika kwamba wao walikuwa raia na walijumuishwa kwa sababu ya lugha na majina. Neno "mkimbizi", ambalo kisheria ni jina la mtu anayestahili hifadhi, katika vinywa vya baadhi ya wageni wa Buha limegeuka kuwa tusi la kumtupia mwenyeji aliyechelewa kuleta mchango wa shule.

Haina maana kwamba usalama si kitu. Ujambazi wa miaka iliyopita ulikuwa wa kweli, na silaha zilivuka mpaka kweli. Wapo waliojipatia vyeti kwa hila, na wapo viongozi wa vijiji waliowauzia. Serikali ina haki ya kumjua raia wake, na imeweka ofisi ya kufanya kazi hiyo, nayo ni Idara ya Uhamiaji. Linalopingwa hapa ni kila mtumishi kujifanya ofisa uhamiaji. Muuguzi anayemwuliza mama mwenye uchungu wa kuzaa kama yeye ni wa upande huu au wa upande ule amepoteza muda wa mgonjwa. Mwalimu anayemtania mtoto mbele ya wenzake kwamba arudi kwao Burundi amefanya jambo ambalo mtoto huyo atalikumbuka atakapokuwa na wajukuu. Tena mtoto huyo anaweza kuwa na haki zaidi ya anavyodhani mwalimu: kati ya wakimbizi wa mwaka 1972 waliokaa katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, zaidi ya 150,000 walikubaliwa kuwa raia wa Tanzania, na tangu mwaka 2014 walianza kukabidhiwa vyeti vyao. Mtu anaweza kuwa na mababu wa Burundi na bado awe Mtanzania kamili.

Panapokuwa na shaka ya haki, njia ipo, nayo ni fupi kuliko kubahatisha kwa masikio. Mwenyekiti wa kitongoji anawajua watu wake, nyumba kwa nyumba. Wazee wanajua nani alizaliwa kwenye kilima gani kabla ya Operesheni ya 1972. Shule zina madaftari ya uandikishaji ya miaka ya nyuma, na parokia na makanisa, kama yale ya Kabanga na Kasulu mjini, huweka orodha za ubatizo. Karani anayefunua madaftari hayo humwondolea mwananchi safari tatu za kwenda wilayani. Karani asiyefunua humwambia aje wiki ijayo na shahidi, na nauli ya shahidi hulipwa na mwananchi. Katika wilaya za mpakani uhakiki kabla ya kupata kitambulisho cha Taifa huwa na maswali mengi, na asiye na kitambulisho hupata taabu kusajili simu, kufungua akaunti, hata kuomba mkopo wa elimu ya juu. Kijana aliyefaulu mtihani anaweza kukwama kwa sababu mtu mmoja dirishani hakupenda jinsi alivyotamka herufi moja.

Mgeni mwenyewe naye abebe kitambulisho chake na barua yake ya kazi, wala asikasirike akisimamishwa kwenye vizuizi. Kuulizwa mara mbili tatu katika safari moja kutamsaidia kuelewa maisha ya wenzake wa huko.

Kuhusu kambi za wakimbizi, jambo moja litajwe bila kuzunguka. Kambi si mahali pa matembezi. Chini ya Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 hayo ni maeneo maalumu, na asiye na shughuli ya kikazi na kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi hana ruhusa ya kuingia. Wapo watumishi wapya ambao Jumapili yao ya kwanza hutaka kwenda kutazama, kama watu waendao kutazama wanyama, na simu za kupigia picha mkononi. Wasiende. Watakaowaona huko ni watu waliokimbia vita, na hawakukimbia ili wapigwe picha. Kama kazi itampeleka mtu kambini, kwa ukaguzi wa chanjo au mitihani, aende na kibali chake, afanye kazi yake, na asitoe ahadi yoyote juu ya nani atabaki na nani atarudishwa kwao, kwa maana habari hizo kambini husafiri kwa saa moja na huweza kuwakosesha maelfu ya watu usingizi.

Anayetaka kuijua nchi yenyewe ana mengine ya kufanya na Jumapili yake. Apande Heru Juu, makao ya zamani ya Mwami wa Heru, na akipata mzee wa kuzungumza naye aulize habari za Mwami Theresa Ntare, mwanamke aliyekaa katika kiti hicho katika miaka ya mwisho ya ukoloni, wakati ambapo machifu karibu wote wa Tanganyika walikuwa wanaume. Aende siku ya soko, asimame, asikilize bei zikitajwa kwa Kiha na chenji ikihesabiwa kwa Kiswahili. Msimu wa mavuno ya maharage utakapofika atakaribishwa mashambani, na mikono yake laini itachekwa kwa upendo.

Siku ya kuondoka nayo ina utaratibu wake. Mabasi ya mbali mara nyingi huondoka alfajiri, kwa hiyo kuaga hufanywa jana yake. Mtumishi anayehama hupita kwa mwenyekiti wa kitongoji, kwa mwenye nyumba, kwa mama aliyemwuzia maziwa na kwa mwenye duka aliyemkopesha sukari mwisho wa mwezi, na deni hilo hulipwa kabla ya mizigo kufungwa. Asipopita, habari zake zitatangulia kufika kituo chake kipya, maana kila kituo nchini kina mtu wa Kasulu. Akipita, alfajiri atawakuta watatu au wanne stendi wamekwisha kufika kabla yake, wakiwa wamejifunika mashuka kwa baridi, na mmoja wao ameshika chupa ya asali iliyofungwa vizuri kwa nailoni ili isimwagike njiani.